Wachamu wa Vietnamu na nchi yao iliyomezwa

Mabaharia wa Kiarabu waliokwenda China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita walipita njiani katika nchi waliyoiita Sanf, na udi uliotoka huko wakauita sanfi, kwa jina la nchi yenyewe. Ni udi wa aina ile ile ambayo pwani yetu hufukiziwa nguo, nyumba na maharusi. Mti wa porini hujeruhiwa, kuvu huingia ndani ya shina, na mti katika kujitetea hutoa utomvu mzito unaougeuza ubao wa kawaida kuwa bidhaa ya thamani kubwa. Sanf ilikuwa Champa, nchi ya Wachamu, na ilienea katika pwani ya kati na ya kusini ya nchi tunayoiita leo Vietnamu. Udi bado unatoka huko, hasa katika milima iliyo nyuma ya mji wa Nha Trang. Nchi ya Champa ndiyo ambayo mtu hawezi tena kuionyesha kwenye ramani.

Wengi wetu tumeijua Vietnamu kupitia vita vyake na Ufaransa na Marekani, na kwa hiyo tumezoea picha ya taifa dogo, la kale na lenye umoja, ambalo halikukubali kutawaliwa na mgeni. Picha hiyo ina ukweli mwingi. Sehemu ya kaskazini ilichukuliwa na dola ya Han mwaka 111 kabla ya Kristo, ikatawaliwa na China kwa takriban miaka 1,000, na haikujikomboa hadi jemadari wao Ngô Quyền alipozishinda merikebu za Wachina katika mto Bạch Đằng mwaka 938. Lakini picha hiyo inaeleza nusu tu ya mambo, kwa sababu nchi iliyojikomboa mwaka 938 haikuwa Vietnamu tunayoiona leo. Ilikuwa bonde la Mto Mwekundu na pwani iliyo jirani nalo. Vietnamu ya sasa ina urefu wa takriban kilomita 1,650 kutoka kaskazini hadi kusini, na mahali pake pembamba zaidi haizidi kilomita 50 au hivi kutoka bahari hadi mpaka wa Laos. Umbo hilo la ajabu lina sababu yake, na sababu hiyo ni kwamba Wavietnamu waliteremka pwani kwa karne nyingi, bonde baada ya bonde, wakiingia katika ardhi ambayo ilikuwa na wenyewe.

Wenyewe hao, katika sehemu ya kati, walikuwa Wachamu. Lugha yao haina undugu na Kivietnamu. Kivietnamu ni ndugu wa Kikhmer cha Kambodia, ingawa kimekopa maneno mengi mno kutoka China kiasi kwamba asili yake huwapotea watu. Kichamu, kwa upande wake, kimo katika familia ya Kiaustronesia, pamoja na Kimalei, lugha za visiwa vya Indonesia na Ufilipino, na Kimalagasi cha Madagaska. Mchamu akihesabu, mbili ni dua na tano ni limâ. Mmalei husema dua na lima. Mmalagasi husema roa na dimy. Kwa hiyo Kibushi kinachosemwa katika kisiwa cha Maore, hapo Komoro, ni binamu wa mbali wa lugha inayosemwa katika vijiji vya Wachamu vya Phan Rang, kusini mwa Vietnamu. Watu wa familia hii walikuwa mabaharia wakubwa kabisa wa dunia ya kale, na wataalamu wengi wanaamini kwamba hata ngalawa zetu, na matengo yao ya pande mbili, zina deni kwao. Mababu wa Wachamu walifika katika pwani ya bara la Asia kwa njia ya bahari zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na baadhi yao walipanda milimani, ambako wazao wao wanaitwa leo Wajarai, Warade na Waraglai.

Kosa la kwanza linalofanywa na wanaoieleza Champa ni kuiita ufalme mmoja, uliokuwa na mfalme mmoja na mji mkuu mmoja, ambao siku moja ulianguka. Maandishi ya China yanataja dola iliyoanzishwa katika eneo hilo mwaka 192, lakini tunachokiona baadaye ni mlolongo wa nchi ndogo ndogo, kila moja ikiwa kwenye mlango wa mto wake: Amaravati upande wa kaskazini, kisha Vijaya, Kauthara na Panduranga. Wakati mwingine mtawala mmoja alijitangaza kuwa mfalme wa wafalme wote, na wakati mwingine walipigana wao kwa wao. Msomaji anayejua jinsi Kilwa, Mombasa, Pate na Lamu zilivyoishi, zikiwa na lugha na desturi za pamoja lakini kila mji na mtawala wake, zikitazama bahari kwa biashara na bara kwa bidhaa, hatapata shida kuielewa Champa. Udi, pembe za ndovu na nta viliteremshwa kutoka milimani na watu wa msituni, vikapokelewa na Wachamu wa mabondeni, vikauzwa kwa merikebu zilizokuwa njiani kati ya China, India na Uarabuni.

Kutoka India walipata dini, maandishi na mfano wa ufalme. Katika bonde la Mỹ Sơn, mfalme Bhadravarman alijenga hekalu la Shiva katika karne ya 4, na waliomfuata wakaendelea kujenga humo kwa miaka mia tisa hivi, minara ya matofali mekundu yaliyoshikamana kwa ustadi ambao wahandisi wa leo bado wanaujadili. Kutoka karne hiyo hiyo ya 4 limebaki jiwe lililopatikana karibu na Trà Kiệu, na maneno yaliyochongwa juu yake kwa Kichamu ndiyo maandishi ya kale kuliko yote yanayojulikana katika lugha yoyote ya Kiaustronesia. Nalitaja jiwe hilo kwa makusudi, maana kuna watu wanaozungumza juu ya Wachamu kana kwamba walikuwa kabila dogo la pembezoni lililosubiri kustaarabishwa. Walikuwa wakiandika lugha yao wenyewe karne nyingi kabla Wavietnamu hawajaanza kuiandika ya kwao, kwani Wavietnamu wasomi kwa muda mrefu waliandika kwa Kichina. Mwezi Agosti 1969 ndege za Marekani zililipiga Mỹ Sơn kwa mabomu, na mnara mkubwa kuliko yote, uliosimama tangu zama za wafalme hao, ukabaki kifusi.

Kosa la pili ni kudhani kwamba Wavietnamu walikuwa wakisonga mbele tu na Wachamu wakirudi nyuma tu. Kwa Kivietnamu mwendo huo una jina, nam tiến, yaani kusonga kusini, na jina hilo linaufanya uonekane kama safari moja iliyopangwa tangu mwanzo. Wanahistoria wengi wa siku hizi hawaukubali mtazamo huo, nami naona wana haki. Mwaka 1069 mfalme wa Wavietnamu, Lý Thánh Tông, alimteka mfalme wa Champa, naye akajikomboa kwa kutoa wilaya tatu za kaskazini. Mwaka 1177, kwa mujibu wa simulizi iliyozoeleka, Wachamu hao hao waliuvamia mji wa Angkor wa Wakhmer, na kwenye kuta za hekalu la Bayon bado kuna michoro ya mawe inayoonyesha mapigano ya mashua kati ya mataifa hayo mawili. Baada ya hapo Wakhmer waliitawala Champa kwa miaka kadhaa hadi mwaka 1220. Wamongolia walipokuja katika miaka ya 1280, Wavietnamu na Wachamu walijikuta wanapigana na adui mmoja. Na mwaka 1306 nchi nyingine ilibadilisha mikono bila vita: mfalme Chế Mân wa Champa alimwoa binti mfalme Huyền Trân wa Đại Việt, kama dola ya Wavietnamu ilivyoitwa wakati huo, akatoa kama mahari wilaya mbili ambazo ndizo eneo la mji wa Huế wa leo. Mwaka uliofuata mfalme alifariki, bibi harusi akarudishwa kwao, lakini ardhi haikurudi. Ndoa hiyo bado inaimbwa na kuigizwa Vietnamu, na machozi karibu yote humwendea Huyền Trân. Mimi huwafikiria pia watu wa wilaya zile mbili, walioamka siku moja wakaambiwa kwamba wao ni mahari.

Katika nusu ya pili ya karne ya 14 upepo uligeuka kabisa. Mfalme wa Champa ambaye Wavietnamu humwita Chế Bồng Nga aliuteka na kuuchoma moto mji mkuu wa Đại Việt, Thăng Long, ndiyo Hanoi ya leo, mwaka 1371. Mwaka 1377 mfalme wa Đại Việt, Trần Duệ Tông, aliuawa alipoishambulia Vijaya. Yeyote aliyeishi miaka hiyo angeweza kuamini kwamba Champa ndiyo itakayoimeza Đại Việt. Kisha mwaka 1390 msaliti mmoja aliwaonyesha Wavietnamu ni mashua ipi iliyombeba Chế Bồng Nga, wakaielekezea silaha za moto, naye akauawa.

Kwa nini basi mizani ililala upande mmoja katika karne iliyofuata? Jibu linaanzia kwenye ardhi. Bonde la Mto Mwekundu ni tambarare kubwa ya mpunga, iliyoweza kulisha watu wengi waliokaribiana, wakati mabonde ya Champa yalikuwa membamba, yametenganishwa na safu za milima zinazoshuka hadi baharini. Nchi ya namna hiyo hutoa wafanyabiashara na mabaharia hodari, lakini si jeshi la kujaza pengo la kila askari anayeanguka. Juu ya hayo, China ya dola ya Ming iliitawala tena Đại Việt kuanzia mwaka 1407 hadi 1427, na Wavietnamu walipoifukuza walibaki na mambo mawili waliyoyapata katika mapambano hayo: ujuzi zaidi wa bunduki na mizinga, na utawala uliopangwa vizuri wa maofisa waliochaguliwa kwa mitihani ya elimu ya Konfusio. Ilipofika mwaka 1471, mfalme Lê Thánh Tông wa Đại Việt alishuka na jeshi kubwa la nchi kavu na la baharini, akaiteka Vijaya, akaua na kuchukua mateka makumi ya maelfu ya watu, na akaligeuza eneo hilo kuwa jimbo la Quảng Nam.

Vitabu vingi huimalizia Champa hapo, mwaka 1471. Hilo ni kosa la tatu, na kwangu ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu linawafuta watu waliokuwa bado wanaishi, wanalima na kutawaliwa na wafalme wao. Kauthara ilidumu hadi mwaka 1653. Panduranga ilidhibitiwa katika miaka ya 1690 na watawala wa ukoo wa Nguyễn, waliokuwa wamejitenga na kaskazini na kujijengea dola yao kusini, lakini hata wao waliiachia mtawala wa Kichamu aliyelipa kodi. Katika muongo huo huo, mwaka 1698, Wanguyễn waliweka utawala wao rasmi katika mji ambao Wakhmer waliuita Prey Nokor na ambao dunia iliujua baadaye kwa jina la Saigon. Delta ya Mekong nayo ilikuwa na wenyewe. Masalio ya mwisho ya Champa yalifutwa na mfalme Minh Mạng mwaka 1832. Wachamu hawakunyamaza. Mwaka 1833 walinyanyuka wakiongozwa na mtu aliyeitwa Katip Sumat, na baada yake akaja Ja Thak Wa, na mapambano hayo yalizimwa kwa ukali mwaka 1835.

Katip ni neno ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja: ni khatibu. Linatufikisha kwenye dini ya Wachamu, jambo ambalo huwachanganya wageni kuliko yote, kwani hao hao waliojengea Shiva minara walikuwa sasa wanaongozwa vitani na khatibu. Uislamu uliletwa na wafanyabiashara wa baharini, na ulienea zaidi baada ya kuanguka kwa Vijaya, hasa katika karne ya 17. Lakini haukuifuta dini ya zamani. Katika eneo la Phan Rang na Phan Rí, Wachamu wamegawanyika katika jamii mbili, Awal na Ahiér, na majina hayo yote mawili ni ya Kiarabu, awali na akhiri. Awal, ambao huitwa pia Bani, ni wale waliopokea Uislamu kwa namna yao; Ahiér ni wale waliobaki na miungu na wafalme wa kale. Wa kwanza hawali nguruwe, wa pili hawali ng'ombe. Kwa mapokeo yao, Ahiér ni upande wa kiume na Awal ni upande wa kike, na kwa sababu hiyo hakuna upande unaojiona umekamilika bila mwenzake. Viongozi wa dini wa pande zote mbili hukutana katika matambiko kadhaa ya pamoja, na kalenda yao imefungamanishwa ili mwezi wa huyu usimgonge yule. Mapokeo humpa sifa ya upatanisho huo mfalme Po Rome, aliyetawala katika karne ya 17.

Uislamu wa Bani unahitaji kuelezwa kwa uangalifu, maana Mwislamu wa Mombasa au Zanzibar akiuona atashangaa. Viongozi wao huitwa acar, na miongoni mwao kuna ngazi: yumo mâdin, ambaye ni muadhini, yumo katip, yumo imâm, na juu yao wote yumo po gru, ambaye cheo chake kimetokana na guru wa Kihindi. Katika mwezi wanaouita Ramâwan, acar huhamia msikitini na kufunga kwa niaba ya jamii nzima, huku raia wa kawaida wakiendelea na shughuli zao na kuwapelekea chakula cha jioni. Kurani husomwa na acar peke yao, kutoka katika nakala zilizoandikwa kwa mkono na kurithishwa. Mtu anaweza kusema kwamba huu ni Uislamu uliopungukiwa. Mimi nauona kama kumbukumbu ya jamii iliyokatiwa njia ya bahari kwa karne nyingi, ikakihifadhi kile ilichokuwa nacho, na kukipanga upya ili majirani wa damu moja wasitengane. Mali, kwa pande zote mbili, hupitia kwa wanawake: mume huhamia kwa mkewe, na binti mdogo wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Wangazija wa Komoro, ambao ni Waislamu na ambao nyumba zao ni za wanawake, watalielewa hilo bila maelezo.

Kuna Wachamu wengine ambao historia yao ilifuata njia tofauti. Waliokimbilia Kambodia, na ndugu zao wa Châu Đốc kwenye mpaka, wengi wao ni Wasunni wa madhehebu ya Shafii, kama walivyo Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Wengine walivuka bahari hadi kisiwa cha Hainan huko China, na wazao wao katika mji wa Sanya bado ni Waislamu na bado wanasema lugha yenye asili ya Kichamu, ingawa kwa kukaa karibu na Wachina lugha hiyo imepata toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Wale wa Kambodia walipatwa na balaa kubwa kuliko yote. Chini ya Khmer Rouge, wakomunisti walioitawala nchi hiyo kati ya mwaka 1975 na 1979, misikiti ilifungwa, lugha ilipigwa marufuku, watu walilazimishwa kula nguruwe, na makumi ya maelfu waliuawa. Mwezi Novemba 2018 mahakama maalumu ya Phnom Penh ilimtia hatiani Nuon Chea, mtu wa pili kwa madaraka katika utawala ule, kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wachamu.

Ndani ya Vietnamu yenyewe, sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wachamu karibu 179,000, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 96 ambamo Wakinh, yaani Wavietnamu wenyewe, ni asilimia 85. Idadi hiyo ndogo isimfanye mtu adhani kwamba Champa ilitoweka. Jina la Nha Trang ni la Kichamu, na Phan Rang ni Panduranga iliyofupishwa kinywani mwa wageni. Mpunga wa Champa, unaokomaa haraka na kustahimili ukame, ulichukuliwa na mfalme wa China mwaka 1012 na kupandwa nchini mwake, ukasaidia kulisha mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la Wachamu. Katika minara ya Po Nagar huko Nha Trang, mungu wa kike wa Wachamu anaabudiwa pia na Wavietnamu kwa jina la Thiên Y A Na, na katika simulizi yao alivuka bahari akiwa ndani ya gogo la udi. Katika vijiji kadhaa vya pwani ya kati kuna hata tambiko ambalo Wavietnamu hufanya ili kuomba ruhusa ya kutumia ardhi kutoka kwa roho za watu waliokuwapo kabla yao. Waliochukua nchi, basi, walijua kwamba wamechukua, na wajukuu wao hawajaacha kulisema hilo, japo kwa ubani na sadaka.

Yanayobaki mikononi mwa Wachamu wenyewe ni machache na yamo hatarini. Katika kijiji cha Bàu Trúc wanawake hufinyanga vyungu bila gurudumu. Badala ya chungu kuzunguka, mfinyanzi ndiye anayekizunguka akitembea kinyumenyume, kisha vyungu huchomwa nje kwa kuni na majani makavu ya mpunga. Mwaka 2022 UNESCO iliuweka ufundi huo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa vijana wanaoufuata ni wachache. Maandishi ya Kichamu, akhar thrah, yenye asili ya India, bado yanafundishwa kwa watoto katika baadhi ya shule za eneo la Phan Rang.

Na kila mwaka, unapofika mwezi wa saba wa kalenda ya Kichamu, karibu na Oktoba, Ahiér huadhimisha Kate, sikukuu ya kuwakumbuka wafalme na miungu yao. Mavazi ya mungu wa kike Po Ina Nagar hayahifadhiwi na Wachamu. Yako kwa Waraglai, wale ndugu zao wa milimani ambao zamani mababu zao waliteremsha udi kutoka msituni. Wachamu husema kwamba Mchamu ni dada mkubwa na Mraglai ni binti wa mwisho, na kwa desturi yao binti wa mwisho ndiye mwenye haki ya kutunza vitu vya ukoo. Siku moja kabla ya Kate, Waraglai hushuka hadi kijiji cha Hữu Đức wakipiga upatu wa shaba, wakiwa na mavazi hayo, na Wachamu hutoka na ngoma na wachezaji wao kwenda kuwapokea.